Maktaba Isiyomshuku Msomaji



Nimeombwa nizungumze juu ya ukarabati wa maktaba kongwe za umma, na jinsi ya kuzifanya ziwe mahali ambapo mtu huingia bila kusitasita. Nitaanza na jengo ambalo wengi wenu mmelipita mara nyingi, pengine bila kuingia. Liko Barabara ya Banda, katikati ya Nairobi, jirani na Msikiti wa Jamia. Lina nguzo nene za mawe, ngazi pana, na simba wawili wa mawe, mmoja kila upande wa ngazi hizo. Hiyo ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba kubwa kule Juja. Huyo ndiye aliyemkaribisha Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909. Alifariki mwaka 1925, akazikwa Ol Donyo Sabuk. Sehemu ya fedha za ujenzi ilitoka kwa shirika la Carnegie la New York, na mwaka 1938 serikali ya kikoloni ikatunga sheria mahsusi kwa ajili ya maktaba hiyo. Ni nadra sana kwa jengo katika nchi yetu kuwa na sheria yake lenyewe.

Kwa miaka mingi ya mwanzo, maktaba ile ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika hakuwa na ruhusa ya kuketi humo akasoma, wala Mhindi. Waumini waliotoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa walipita hatua chache tu kutoka kwenye zile ngazi, na ngazi zile hazikuwa zao. Mwaka 1962 halmashauri ya jiji ikaichukua maktaba, na mlango ukawa wa umma.

Kisheria, mlango ulifunguliwa siku moja. Jengo lenyewe halikupata habari hiyo. Ngazi zilibaki zile zile, na mtu wa kiti cha magurudumu alibaki chini. Nguzo zilibaki na kimo kile kile, kimo kilichokusudiwa kumfanya mtu ajione mdogo kabla hajafika mlangoni. Rafu zilibaki na vitabu walivyovichagua walowezi kwa ajili ya walowezi: safari za kuwinda, historia za wafalme wa Uingereza, riwaya za London. Mtoto wa Pumwani aliyeingia mwaka 1963 alikuwa na haki ya kuvisoma vyote, lakini angetafuta sana kabla ya kukutana na kitabu kilichomjua yeye.

Nimetumia muda kwenye jengo hili kwa sababu linaonyesha waziwazi jambo ambalo katika maktaba nyingine limejificha. Tunapozungumzia ukarabati, macho yetu hukimbilia paa linalovuja, rangi iliyobabuka na viti vilivyovunjika. Hayo yote ni ya lazima. Paa likivuja hakuna maktaba. Lakini nimeona maktaba zilizopakwa rangi upya, zikawekewa vigae vinavyong'aa, na watu wakaendelea kuzipita barabarani. Kilichokuwa kimezifunga hakikuguswa. Na kilichozifunga, kwa maoni yangu, ni shaka juu ya msomaji.

Tembeeni nami kwa mawazo katika maktaba ya kawaida ya umma. Getini yupo askari, naye anauliza unakwenda wapi. Mlangoni kuna dirisha la kuacha mkoba, na ukiacha mkoba unapewa kipande cha kibao chenye namba. Ndani kuna kaunta ndefu, ya juu, na nyuma yake yuko mkutubi anayekuona wewe kabla hujaona kitabu hata kimoja. Ukitaka kuazima, kuna fomu inayotaka mdhamini mwenye kazi ya mshahara, na pengine amana ya fedha. Vitabu bora, vile ambavyo kila mtu anavitafuta, vimo katika kabati la kioo lenye kufuli, au katika chumba cha ndani ambako huingii. Ukutani kuna tangazo linalokuambia usiyoruhusiwa kufanya, na orodha yake ni ndefu kuliko orodha ya vitabu vipya.

Kila kimoja kati ya vitu hivyo kina sababu yake, na sababu ni ile ile: msomaji anaweza kuiba.

Niliwahi kusimama kwenye veranda ya maktaba moja, sitaitaja, mchana wa likizo ya shule. Akaja mvulana wa miaka kama kumi, amevaa kaptura ya shule na ndara, mkononi ana daftari lililokunjwa. Askari alimwuliza kitambulisho. Mtoto wa miaka kumi atakuwa na kitambulisho gani? Akaulizwa mzazi wake yuko wapi. Akasema mama yuko sokoni, anauza. Askari hakumfokea, wala hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwa upole kabisa aende akamlete mama. Mtoto akaitazama milango ya kioo, akaona wenzake wawili ndani wamekaa mezani, akageuka akaondoka. Mama anayeuza nyanya hataacha meza yake mchana ili akamdhamini mtoto asome. Mtoto yule amekwisha kujifunza kuwa maktaba ni ya watu wengine, na hakuna tangazo la redio litakalomfundisha tofauti kwa urahisi.

Wakutubi wenzangu, sisemi haya kuwalaumu. Ninajua kinachotokea mwisho wa mwaka, vitabu vinapohesabiwa. Kitabu kikipotea, mkutubi huulizwa kwa maandishi. Kitabu kikikaa rafuni miaka kumi bila kuguswa na mtu yeyote, hakuna anayemwuliza neno. Mtu anayepimwa kwa kipimo hicho atafanya nini? Atafunga kabati. Atamwogopa mvulana mwenye ndara. Kwa hiyo shaka hii haitoki moyoni mwa mkutubi. Imo katika namna tunavyomsimamia, na msanifu majengo hawezi kuiondoa peke yake hata akiletwa aliye bora kuliko wote.

Mwaka ule ule wa 1931, wakati Maktaba ya McMillan inafungua milango yake kwa wachache, kule Madras nchini India mkutubi mmoja aliyeitwa S. R. Ranganathan alichapisha kitabu cha kanuni tano za ukutubi ambazo hadi leo hufundishwa vyuoni. Ya kwanza ni kwamba kitabu kipo ili kitumike. Mtu anaweza kudhani hilo halihitaji kuandikwa. Lakini Ranganathan alikuwa anaishi katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza kama sisi, katikati ya maktaba zilizofanya kazi ya ghala, na alijua kwamba neno hilo rahisi likifuatwa kweli litabadilisha kila kitu: mahali maktaba inapojengwa, saa inazofunguliwa, urefu wa rafu, na tabia ya anayekaa mlangoni.

Hata Uingereza yenyewe haikuwa imeanza na rafu wazi. Katika maktaba nyingi za umma za karne ya 19, msomaji hakuvigusa vitabu kabla ya kuvichagua. Alisimama mbele ya ubao mkubwa wenye namba ndogondogo, rangi moja ikionyesha kitabu kipo, nyingine kwamba kimeazimwa. Akaisoma namba, akamwambia karani, karani akakileta. Mwaka 1894 James Duff Brown, mkutubi wa Clerkenwell, London, akawaruhusu wasomaji waingie wenyewe kati ya rafu. Wenzake walimshambulia vikali. Vitabu vitaibwa, walisema, vitachanganywa, vitachafuliwa. Walibishana kwa miaka mingi. Leo rafu wazi ni jambo la kawaida kiasi kwamba tumesahau kuwa mtu alilazimika kulipigania. Tunaposikia hoja hizo zikirudi katika mikutano yetu kuhusu kabati la kioo, tujue zimekwisha kujibiwa zamani.

Sasa niseme juu ya mawe na vioo, maana najua wako hapa wanafunzi wa usanifu majengo ambao wamengoja kwa subira.

Jiji la Boston, Marekani, lina maktaba ya umma mashuhuri. Jengo lake la zamani, la mwaka 1895, ni jumba la fahari lenye maandishi juu ya mlango yanayotangaza kwamba ni bure kwa kila mtu. Mwaka 1972 likaongezwa jengo la pili pembeni yake, kazi ya msanifu maarufu Philip Johnson. Lilikuwa jengo zito la mawe, na upande wa barabarani, mbele ya madirisha ya chini, kulisimamishwa mabamba makubwa ya granaiti. Mpita njia hakuona ndani. Aliye ndani hakuona barabara. Jengo lililokusudiwa kupokea umati lilifanana na benki kuu. Mwaka 2016 ukarabati mkubwa wa jengo hilo ulikamilika, kwa gharama ya dola milioni 78. Mabamba yaliondolewa, vioo vya giza vikabadilishwa kuwa vioo angavu, na mtu anayepita Boylston Street sasa anawaona watu ndani wakisoma, wakinywa kahawa, wakimsubiri mtoto amalize kuchagua hadithi. Kwangu mimi hayo mabamba yaliyoondolewa ndiyo somo kuu la mradi wote. Fedha nyingi zilitumika kujenga, lakini tendo lililobadilisha sura ya maktaba lilikuwa la kubomoa.

Haimaanishi tuchukue vioo vya Boston tuvipachike Mombasa. Jua letu litavikaanga vitabu pamoja na wasomaji, kisha tutawasha viyoyozi ambavyo kaunti haitaweza kuvilipia umeme. Sisi tuna namna yetu ya kujenga ukaribisho, nayo iko pwani kwa karne nyingi: baraza. Nyumba ya Lamu au ya Mji Mkongwe ina kuta nene na mlango mzito wa nakshi, lakini mbele yake kuna benchi la mawe lililoshikamana na ukuta, kivulini, ambapo mgeni, jirani na muuza kahawa huketi bila kuulizwa. Mtu wa barazani ameshapokewa, ingawa hajaingia ndani. Anaweza kukaa dakika tano akaondoka zake. Anaweza kukaa mpaka akazoea, akaitwa ndani.

Na Lamu hiyo hiyo wanayo ngome, iliyokamilika mwaka 1821. Kuanzia mwaka 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza. Baada ya hapo ikafanywa makumbusho, na ndani yake ikawekwa maktaba. Kuta zilizojengwa kuzuia watu, milango iliyofungwa kwa makomeo juu ya wafungwa, vikapewa kazi ya vitabu. Katika uwanja ulio mbele yake wazee huketi chini ya miti wakizungumza, na kutoka kwenye mazungumzo hadi kwenye vitabu ni hatua chache. Ikiwa gereza limeweza, maktaba ya kikoloni yenye nguzo na simba inaweza pia. Wekeni viti chini ya zile nguzo. Wekeni magazeti ya leo hapo hapo nje, kivulini, asubuhi na mapema, ili anayesubiri basi asome kurasa mbili. Mteremko wa kiti cha magurudumu uwe upande wa mbele, pale pale watu wote wanapoingilia. Usipelekwe nyuma kwenye mlango wa mapipa ya taka. Na choo, ndugu zangu, choo chenye maji, chenye komeo linalofunga kwa ndani. Msichana wa kidato cha tatu akikosa choo salama ataondoka saa nne asubuhi, na ukarabati wote uliobaki haumhusu.

Nirudi Nairobi. Mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange, mwandishi wa riwaya, na Angela Wachuka, mchapishaji, walianzisha shirika linaloitwa Book Bunk kwa lengo la kufufua Maktaba ya McMillan pamoja na matawi yake mawili ya Eastlands, Kaloleni na Makadara, kwa makubaliano na serikali ya jiji. Ninachokiheshimu zaidi katika kazi yao ni mpangilio wake. Jengo la fahari liko katikati ya jiji, ndilo linalopigwa picha, ndilo ambalo wafadhili wangependa kuona jina lao likiandikwa ukutani. Wao walikarabati matawi kwanza. Kaloleni ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Maktaba yake ni ndogo, na iko mahali ambapo mtoto hufika kwa miguu bila nauli. Mtoto wa mtaani anapozoea maktaba iliyo karibu na nyumbani kwao, zile ngazi za mjini hazitamtisha atakapokua.

Matawi kama hayo yametufundisha pia jambo ambalo wapangaji wengi hawalipendi. Watu wengi wanaokuja katika maktaba zetu za umma hawaji kwa ajili ya vitabu vyetu. Wanakuja na vyao. Ni watahiniwa wa kidato cha nne, wanafunzi wa uhasibu, kijana anayejiandaa kwa usaili, msichana anayelala chumba kimoja na ndugu zake wanne na hana meza. Wanakuja kutafuta kiti, mwanga, utulivu, soketi na intaneti. Nimewasikia wakutubi wakilalamika kwamba hawa si wasomaji, ni wavamizi wa viti. Mimi naona hao ndio waaminifu kuliko wote. Wanafika kabla mlango haujafunguliwa. Swali ni kama rafu zetu zina chochote cha kuwafanya wainue macho kutoka kwenye daftari. Wakikuta karibu na meza yao riwaya ya Shaaban Robert, au ya Euphrase Kezilahabi, au ya Ngũgĩ, imewekwa uso ukiwatazama badala ya uti wa mgongo, baadhi wataichukua. Wasipoichukua, meza bado imefanya kazi yake.

Lakini mtahiniwa anahitaji kimya, na mtoto wa miaka mitano anahitaji kusoma kwa sauti, kucheka, na kuuliza. Maktaba za zamani zilimaliza mgogoro huu kwa kumtoa mtoto nje. Ukarabati mzuri huutatua kwa kuta na kwa umbali: chumba cha watoto karibu na mlango, chenye bustani kama nafasi ipo, na chumba cha kimya mbali kabisa, ghorofani au nyuma. Kila mmoja apate sehemu yake, wala asione kuwa anavumiliwa.

Kuna swali gumu zaidi: tufanye nini na vitabu vya walowezi? Wapo vijana wanaotaka viondolewe vyote, na ninaelewa hasira yao. Msimamo wangu ni kwamba visikae mbele, lakini visitupwe. Katika Maktaba ya McMillan kuna magazeti ya zamani na kumbukumbu za serikali ya kikoloni. Humo mna matangazo ya ardhi, mna habari za mashauri, mna majina ya vijiji vilivyohamishwa. Mjukuu wa aliyenyang'anywa shamba ana haki ya kuyasoma maneno waliyoyaandika walionyang'anya. Hapo kazi ya ukarabati ni ya taratibu, haina shangwe: kufuta vumbi, kuorodhesha, kupiga picha ukurasa kwa ukurasa ili uweze kusomwa kwenye kompyuta bila karatasi kubomoka mikononi. Huku ndiko kufungua ghala kwa maana kamili, na hugharimu kuliko rangi.

Namalizia na fedha, kwa kuwa naona safu ya mbele wamo wenye kalamu ya bajeti.

Andrew Carnegie alipotoa fedha za kujenga maktaba, aliwataka wakuu wa mji watoe kiwanja na waahidi kila mwaka kutenga asilimia kumi ya gharama ya ujenzi kwa ajili ya matunzo. Alijua kwamba kila mtu hupenda kukata utepe na kwamba hakuna anayealikwa kwenye sherehe ya kubadilisha balbu. Kaunti itakayokarabati maktaba bila kuandika fungu la matunzo la miaka kumi inanunua uchakavu mpya.

Na kuna fungu lingine ambalo sijaliona katika bajeti ya maktaba yoyote ya kwetu: fungu la vitabu vitakavyopotea. Vitapotea. Tukifungua makabati, tukaacha kumdai mtoto mdhamini, tukaruhusu mikoba, baadhi ya vitabu havitarudi. Mwaka 2019 maktaba za umma za Chicago zilifuta faini za kuchelewesha vitabu, na watu wakaanza kurudisha kwa wingi vile walivyokuwa wameficha nyumbani kwa hofu ya deni. Naamini kwetu pia wengi watarudisha. Wasiorudisha tuwahesabu mapema, kama duka linavyohesabu bidhaa zitakazoharibika, ili mkutubi asijibu barua ya onyo kwa sababu mtoto alikipenda kitabu kupita kiasi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakaguzi wa hesabu wa kaunti ni dogo na linaweza kutekelezwa kabla fundi hajaletwa. Katika fomu ya mwisho wa mwaka, kando ya safu ya vitabu vilivyopotea, ongezeni safu ya pili, ya vitabu ambavyo havikuazimwa hata mara moja, na msimamizi wa maktaba aulizwe juu ya safu zote mbili kwa uzito ule ule.